Nurjehan, Mwenye Utenzi wa Bi Kordula

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni mkikaanga vitunguu, mlioko kwenye basi mkielekea kazini, na wewe uliyejifunika blanketi mpaka masikioni kwa baridi hii ya London, karibuni nyote. Hapa ni Placida. Leo muziki utakuwa kidogo. Leo tuna mtu wa kumkumbuka.

Bi Nurjehan Rajabali amefariki. Nasema tena kwa aliyechelewa kufungua redio: Bi Nurjehan Rajabali, mshairi, mzaliwa wa Unguja na mkazi wa Wembley, amefariki wiki iliyopita nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake. Alikuwa na miaka sabini na moja.

Huenda unajiuliza, mbona jina hilo silijui? Ngoja. Kama ulioa, uliolewa au ulifiwa hapa London ukiwa miongoni mwetu, miaka ya sabini, themanini au tisini, basi beti zake umezisikia. Ulizisikia, ukafuta machozi, ukaenda zako kula pilau. Hukuuliza ni za nani. Na mwanamke huyu, wasikilizaji, alitaka jambo moja tu maishani mwake kuhusu beti zake. Alitaka zijulikane kuwa ni zake. Hakutaka zawadi wala kiti cha mbele. Alitaka jina.

Tuanzie Unguja, mtaa wa Kiponda. Baba yake, Mzee Rajabali, alikuwa fundi saa. Duka lake lilikuwa jembamba, ukutani saa, mezani saa, kwenye droo saa, zote zikipiga tiki-taka kwa wakati mmoja na hakuna mbili zilizokubaliana. Humo ndimo alimomfundisha bintiye kutunga. Kwanza Kiarabu, kisha Kifarsi, na Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika wazee. Kaka zake walikuwa nje uchochoroni wakicheza gololi. Yeye yuko ndani, anahesabu mizani kwa vidole katikati ya kelele zile.

Nilizungumza na mdogo wake, Bi Kulsum, anayekaa Ilford. Akaniambia, "Baba alikuwa anasema, ukiweza kushika mizani ndani ya duka hili, hakuna mahali pa kukushinda. Sisi wengine tulifundishwa kupika na kushona. Nurjehan alifundishwa hayohayo, na Kifarsi juu yake. Lakini nikwambie kweli, bibie, sambusa zake zilikuwa mbaya."

Basi akakua hivyo, msomi wa kike wa duka la saa. Harusi za mtaa alizitungia yeye, na misiba vilevile. Akaolewa na Akberali, kijana mpole wa Malindi, mtu wa kucheka kwa mabega bila kutoa sauti.

Mwaka wa sitini na nne yakaja mapinduzi. Wapo mnaojua, na wapo mliosimuliwa, sitawarudisha huko. Duka likafungwa. Mzee Rajabali akaugua moyo, na kabla mwaka haujaisha akafariki. Akufukuzaye hakwambii toka. Mwaka wa sitini na sita Nurjehan na Akberali wakafika London, na mama mzazi wa Akberali, Bi Sakinabai, akawafuata baadaye.

Akberali akapata kazi ya ukondakta wa basi. Nurjehan akapata kiwandani, akishona zipu kwenye suruali. Na mashairi? Hakuna. Tangu baba yake azikwe hakuandika hata mstari mmoja. Bi Kulsum anasema alimuuliza siku moja kwa nini. Akajibu, "Nilikuwa namtungia mtu mmoja anisahihishe. Sasa nimtungie nani?"

Hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo anapoingia Mjerumani.

Walikuwa wamepanga chumba Willesden, juu, kwenye nyumba ya bibi mmoja aliyeitwa Gerda. Bi Gerda alikuwa Myahudi wa Ujerumani. Zamani alikuwa mwalimu wa shule huko kwao, akafukuzwa kazi kwa Uyahudi wake, akakimbilia London kabla ya vita, na wengine wa nyumbani kwao hawakuwahi kutoka. Alibaki na vitabu. Vitabu mpaka bafuni. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na wapangaji walimwogopa.

Siku moja Nurjehan anakaanga vitunguu saumu, Bi Gerda akapanda ngazi kuja kulalamika. Nyumba nzima inanuka, ataishije? Nurjehan Kiingereza chake kilikuwa bado kinasuasua. Alichofanya ni kumvutia kiti, akampakulia kuku wa nazi na wali. Bibi akala amenuna. Akaongezwa. Akala. Akashuka bila kusema kitu. Kesho yake, saa ileile, akapanda tena na kitabu kikuukuu kwapani. Mkono mtupu haulambwi, na Bi Gerda, ingawa hakuwahi kuusikia msemo huo, aliufuata.

Ndivyo Nurjehan alivyojifunza Kijerumani. Jioni kwa jioni, sahani kwa ukurasa. Na katika kitabu kile zilikuwamo habari za mwanamke mmoja aliyeitwa Kordula.

Bi Kordula aliishi zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, kabla sultani yeyote wa Omani hajahamishia kiti chake Unguja. Aliishi katika mji mdogo Ujerumani, wakati nchi hiyo imo vitani miaka nenda rudi. Baba yake alikuwa muuza dawa. Akamfundisha bintiye Kilatini na Kiyunani dukani, katikati ya chupa, na kaka zake wakiwa nje wanarushiana mawe. Binti akawa mshairi. Mji ukifanya harusi, anatunga yeye. Mji ukizika, anatunga yeye. Lakini wanaume wa mji wakasema, hizi si zake. Hizi ni za baba yake.

Kisha baba akafa. Mji mzima ukatulia kuona kama beti nazo zitakufa. Kordula akatunga shairi la maziko ya baba yake. Wakasema, mzee aliliacha tayari. Mwaka ukapita, anatunga. Wakasema, mzee alikuwa na akiba kubwa. Ikabidi wazee wa mji wamwite mbele yao, wampe mada, wamkazie macho, na yeye atunge palepale. Akatunga. Wakakubali, wakamvika taji la majani. Kisha wakachapa shairi lake, na juu yake wakaandika: limetungwa na binti wa muuza dawa. Basi. Jina lenyewe tunalijua kwa sababu mtu fulani, hajulikani ni nani, aliliandika kwa mkono pembeni mwa karatasi.

Bi Gerda alipomaliza kusoma hapo, Nurjehan alikuwa analia. Hakulia kwa kwikwi, machozi yalikuwa yakimiminika tu huku anaendelea kuosha mchele. Akasema kwa Kiswahili, ambacho Bi Gerda hakukijua, "Baba yake alikufa na yeye akaandika." Usiku huohuo akamwambia Akberali amnunulie karatasi.

Alitunga miaka. Anashona zipu mchana, jioni anapika, na katikati ya hayo anatunga. Binti yao Zehra akazaliwa, akaanza shule, akaanza kujibu kila swali la Kiswahili kwa Kiingereza, na mama bado anatunga. Mwaka wa sabini na nne ukakamilika Utenzi wa Bi Kordula. Sikieni ubeti mmoja:

Babaye alipokufa,
Wakangoja zife sifa,
Kwake haukuja ufa,
Kalamu kashikilia.

Na kwa kuwa ada ya tenzi zetu ni mtunzi kujitaja mwishoni, naye alijitaja. Ubeti wake wa mwisho huu hapa:

Nurjehani jina langu,
Kalamu ni mali yangu,
Utungo huu ni wangu,
Sikuazima, sikia.

Sasa niambieni, wasikilizaji, mtu aseme nini zaidi ya hapo?

Siku hizo kulikuwa na jumuiya ya washairi wa Kiswahili hapa London. Walikutana Jumapili Wembley, chumba cha juu ya duka la mchele la Mansukh, na mpaka leo wapo wanaokumbuka harufu ya bizari ikipanda na hoja. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Muhiddin, Mzanzibari, mwalimu wa zamani, mwenye sikio la shairi kuliko mtu yeyote niliyewahi kusimuliwa. Mizani ikipungua moja, alikuwa anakunja uso kama aliyeuma jiwe kwenye wali. Wanawake hawakwenda mikutano ile. Hakuna aliyewakataza, na hakuna aliyewaita. Kwa hiyo Nurjehan akampa mumewe utenzi aupeleke.

Akberali akausoma mbele yao. Alipofika kwenye kifo cha baba yake Kordula, Mwalimu Muhiddin alivua miwani. Alipomaliza, wakamwinukia Akberali, wakamkumbatia, wakampa mkono. Hongera, bwana! Ulikuwa umejificha wapi?

Akberali akasema, "Si mimi. Ni Mama Zehra."

Wakacheka. Adabu gani hii! Maana ninyi mnajua, mshairi wetu aliyelelewa vizuri hasemi mimi ndiye. Atasema sisi bado tunajifunza, atasema haya ni makombo ya wakubwa. Akberali akasema tena, "Wallahi si mimi, ni mke wangu." Wakazidi kumpenda. Tazameni unyenyekevu wake! Kila alipokana, ndivyo walivyozidi kusadiki. Maskini Akberali alikuwa anasema kweli tupu, na kweli yake ndiyo iliyomponza.

Akawaonyesha ubeti wa mwisho. Jina hili hapa, someni. Mwalimu Muhiddin akatikisa kichwa kwa mapenzi makubwa. Akasema, "Wengine huwapa wake zao mikufu. Wewe umempa wako utenzi."

Akberali alirudi nyumbani ameinamisha kichwa. Binti yake Zehra anakumbuka, alikuwa mtoto wa miaka saba. Anasema, "Baba alisimama mlangoni na koti lake. Akasema, Mama Zehra, wameupenda. Mama akauliza, wamesema nini juu yangu? Baba akaanza kufungua vifungo vya koti. Mama akaendelea kukata kitunguu, ila alikuwa hakiangalii."

Kisha Nurjehan akasema maneno ambayo Zehra hakuyasahau. "Wamemlilia Kordula, halafu wamenifanya vilevile. Sikubali, Baba Zehra. Rudi uwaambie wanijaribu."

Nyani haoni kundule, wasikilizaji. Watu wazima walitoa machozi kwa dhuluma ya Ujerumani, wakafuta machozi, wakaitenda upya Wembley. Lakini Muhiddin, nampa haki yake, alikuwa mtu wa insafu. Akberali aliporudi na ombi lile, akakubali. Ikapangwa siku ya Idi, watu wote watakapokusanyika kwenye ukumbi, mwanamke huyu atapewa mada na vina, na atatunga palepale.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Siku ya Idi wakaja, wakapanga viti, na kwa kuwa ni watu wa staha, wakatundika pazia katikati. Wanaume huku, wanawake kule. Kisha wazee wawili watatu wakasema, sauti ya mke wa mtu kwenye kipaza sauti haifai. Basi ikaamuliwa kuwa mada itapelekwa upande wa pili, na majibu yataletwa na Bi Sakinabai, mama yake Akberali, ambaye kwa umri wake hakuna aliyeona tatizo kumsikia. Wametaka kushuhudia kwa macho yao mwanamke akitunga, na wamejiwekea pazia la kuwazuia wasimwone. Hakuna aliyeligundua hilo mpaka chai imekwisha kumiminwa.

Akberali walimkalisha karibu na Muhiddin, wakamzunguka asije akapenyeza neno. Mwalimu akatoa mada: ngazi za umeme za treni ya chini, zile zinazopanda zenyewe. Vina akatoa vyake, ka katikati, ni mwishoni. Bi Sakinabai akapita upande wa pili, anakokota kandambili. Muda kidogo, chai bado ya moto, akarudi. Akasimama katikati ya wanaume, akasoma:

Ngazi yapanda haraka, nami nimo safarini,
Hainiulizi rika, wala kabila ni gani,
Mume na mke hushika, reli moja mkononi,
Mbona ninyi mnataka, mimi nishukie chini?

Ukumbi ukanguruma. Vijana wakapiga meza. Lakini mfa maji haishi kutapatapa. Mzee mmoja, jina lake tumstahi, akasema, "Lakini hatukumwona. Wanawake kule ni wengi. Tutajuaje kama hakusaidiwa?"

Bi Sakinabai hakuwa mtu wa kubishana. Alikunja karatasi yake, akawatazama mmoja mmoja. Akasema, "Wanangu, mwanangu mumemkalia hapa kama mwizi, basi si yeye. Kama si Nurjehan, ni mwanamke mwingine nyuma ya pazia. Mimi sijui mnabishania nini. Chagueni yupi mnamtaka, nikamwite."

Upande wa pili wa pazia wanawake walicheka mpaka pazia likatikisika. Na Muhiddin naye, baada ya kufikiri, akacheka. Akasimama. Akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mimi nimeridhika. Utenzi ni wa mwanamke huyu."

Laiti hadithi ingeishia hapo. Ningepiga muziki, tukapeana heri.

Jumuiya ikaamua kuuchapa utenzi uwe kijitabu. Mwalimu Muhiddin mwenyewe akauleta mfano wa jalada nyumbani, amefurahi, amevaa kanzu ya Idi ingawa si Idi. Nurjehan akaupokea kwa mikono miwili. Jalada lilisema: Utenzi wa Bi Kordula, umetungwa na Mke wa Akberali.

Nurjehan akauliza kwa upole, "Mwalimu, jina langu limekwenda wapi?"

Muhiddin akajibu, naye kwa upole, na hakuwa na ubaya hata chembe. "Mwanangu, hii ni heshima. Jina la mwanamke halitembezwi madukani. Litashikwa na kila mkono, litafungiwa karanga. Tumekusitiri."

Hapo, wapendwa, ndipo ilipomfika. Aliyekataa kuamini alimweza, kwa ngazi ya umeme alimweza. Huyu anayeamini na kuheshimu, utamweza kwa nini? Kosa hili halikufanywa na adui. Lilifanywa na mtu anayempenda mshairi, kwa adabu aliyofundishwa na mama yake.

Nurjehan alilitazama jalada mpaka Akberali akaona haya, akaanza kukohoa. Kisha akasema, "Mwalimu, nimekusikia, na naijua nia yako. Lakini Kordula alisitiriwa hivyohivyo. Jina lake limeokolewa na mtu mwenye kalamu aliyepita njia. Mimi sina hakika kama wangu atapita. Usichapwe."

"Miaka yote uliyoutunga?"

"Usichapwe, Mwalimu. Chai yako inapoa."

Na haukuchapwa. Mpaka leo haujachapwa. Akberali, Mungu amrehemu, alimuuliza baadaye kama hajuti. Akamwambia, "Najuta kila siku, Baba Zehra. Lakini ningejuta zaidi kuuona dukani hauna mwenyewe."

Wanawake wakauchukua. Hiyo ndiyo habari ambayo wanaume wengi wa London hawajui mpaka leo. Utenzi ukapita mdomo kwa mdomo, Wembley, Ilford, mpaka Stratford kwa sisi wa bara. Ukisomwa kwenye shughuli za wanawake, mikono ikiwa na unga. Mimi mwenyewe niliusikia mara ya kwanza nikisaidia kukunja maandazi kwenye kipaimara cha mtoto wa rafiki, na mama wa Kikristo wa Bukoba ndiye aliyekuwa akiusoma, akaumaliza kwa ubeti wa jina, Nurjehani jina langu, kama ilivyo ada. Nikauliza, Nurjehan ni nani? Wakaniangalia kama niliyeuliza chumvi ni nini.

Yeye akaendelea kututungia harusi na misiba. Akitaka kila mara jina lisomwe mwishoni, na mara nyingi msomaji, kwa staha au kwa haraka, akiliruka.

Mwaka wa tisini na moja akafariki Mwalimu Muhiddin. Sikieni hili. Kabla hajazikwa, mkewe, Bi Zuwena, alikuja Wembley na buibui lake limelowa mvua. Akakaa kwenye kochi la Nurjehan. Akasema, "Dada, alisema asisomewe shairi la mtu mwingine ila lako. Nimeona haya kuja. Nimekuja."

Bi Kulsum alikuwapo siku hiyo. Anasema, "Nilimtazama dada yangu. Nikasema moyoni, leo utalipa kisasi, na mimi nitakupa wino." Kisha anacheka, na baada ya kucheka anafuta macho.

Nurjehan alimpa mjane taulo la kujifutia mvua. Akaingia chumbani. Alichotoka nacho kilisomwa kesho yake upande wa wanaume:

Ametutoka mwalimu, sikio letu mjini,
Alizionja utamu, beti njema za jirani,
Jina kwa kuliheshimu, akalificha nyumbani,
Namuombea Karimu, ampokee peponi.

Na mtoto wa kiume wa Muhiddin, aliyekuwa akisoma, alifika mwisho penye jina la mtunzi. Akasita. Akamtazama maiti wa baba yake. Kisha akalisoma, Nurjehan binti Rajabali, kwa sauti, mbele ya wanaume wote. Ilikuwa mara ya kwanza lisomwe upande wao mazikoni. Bi Zuwena alimhadithia Nurjehan, na Nurjehan akamwambia, "Ahsante. Sasa hebu kula kitu."

Wasikilizaji wapendwa, Bi Nurjehan Rajabali amefariki wiki iliyopita. Mshairi. Binti wa fundi saa wa Kiponda, mtunzi wa Utenzi wa Bi Kordula. Miaka ya mwisho macho yalimpungua na magoti yakakataa ngazi. Zehra alihamia kwake. Na msiba ulipotokea, watu wakaanza kupika, kuleta viti, kukunja majamvi, na katikati ya shughuli mtu akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Shairi la msiba atatunga nani? Kila msiba katunga yeye. Wakatazamana. Jumuiya ya washairi ilikwisha vunjika zamani, wazee wake wamelala makaburini, na kila mmoja wao amelazwa kwa beti za Nurjehan.

Basi wanawake wakafanya jambo ambalo hawakuwahi kulifanya. Kila mmoja akatunga ubeti wake. Wauguzi, wauza maduka, mama wa nyumbani, mwalimu mmoja wa chekechea, na mimi Placida pia, nisiyejua mizani wala mzani. Nimezisikia zote. Nyingi zinachechemea. Nyingine vina vimegoma kabisa. Mwalimu Muhiddin angekunja uso mpaka jioni. Lakini kila mmoja alisoma wake, na kila mmoja akataja jina lake mwishoni, na hakuna hata mmoja aliyerukwa.

Kwa niaba ya wote wa kituo hiki, natoa pole kwa binti yake Zehra, kwa Bi Kulsum wa Ilford, kwa jamaa wa Unguja na kwa familia ya marehemu Mwalimu Muhiddin, ambao nao wamekaa matanga kama wafiwa. Mungu amlaze mahali pema na awape subira.

Na wewe unayenisikiliza, kabla hujazima redio, nakuomba kitu kidogo. Fikiria wimbo mmoja, aina moja ya mapishi, dua moja uliyorithi. Ni ya nani? Usiniambie ni ya mama yangu, au ya mke wa fulani. Uliza jina, na ulitamke maadamu mwenyewe bado anaweza kukuitika.

Nitakuachia ubeti wa Zehra. Zehra huyu amezaliwa hapahapa, na maisha yake yote mama akimsemesha Kiswahili, yeye anajibu kwa Kiingereza. Huu ndio ubeti wake wa kwanza. Bi Kulsum alitaka kumtengenezea mizani. Zehra akamwambia, kwa Kiswahili, "Masi, niachie hivyohivyo." Masi ndivyo Wahindi wa Unguja wanavyomwita mama mdogo. Nami nausoma hivyohivyo:

Mama yangu Nurjehani,
Alizungumza nami kila siku,
Mimi nilikuwa naelewa yote,
Jina langu Zehra.